Hodi kwa Mwenye Msimbo

Fundi wa tovuti aliyepanga fremu moja na Eufrazia mshonaji, pale Nsemulwa, hachukui msimbo wa programu wa bure mtandaoni hivihivi. Kwanza anatazama aliyeuandika aliugusa lini mara ya mwisho, na kama huwajibu wanaomlalamikia. Kisha anavua kandambili, anagonga meza kwa kidole na kusema taratibu, "Hodi." Eufrazia alishamzoea, hata hacheki tena.

Asubuhi moja alikwama kwenye msimbo wa kalenda. Aliyeuandika, Mzungu wa huko mbali, alikuwa amefariki. Chini ya kazi yake wenzake walikuwa wameandika rambirambi tu.

"Chukua, kaka," Eufrazia alimwambia kutoka mlangoni, kwenye cherehani yake. "Marehemu hana neno. Wakulima wa Mpimbwe wanangoja tovuti yao."

"Nyumba haina mtu, dada, utaingiaje?"

Hata hivyo akavua kandambili, akagonga meza. "Hodi."

Mikono yake ilikuwa mapajani, hajaandika kitu. Kwenye kompyuta, ukurasa ukajisogeza wenyewe. Chini ya rambirambi, kwa jina la marehemu, likatokea jibu la Kiswahili: "Karibu. Na huyo dada wa mlangoni, mbona hajavua viatu?"