Uso Alioipa Simu

Kamera yangu ni ya mkanda, nzito, na kipima mwanga chake kilikufa kabla sijainunua. Kwa hiyo napimia simu. Nimeweka programu ndani yake: unaielekeza kwa mtu, inakuambia mwanga ni kiasi gani, unairudisha mfukoni, unapanga kamera, ndipo unapiga. Haihifadhi picha yoyote, inapima tu. Haya yote niliwaeleza jamaa zangu Biharamulo kwa kirefu mpaka wakaanza kunikwepa.

Bibi yangu anaishi Murusagamba. Sebuleni kwake, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, imetundikwa picha ya marehemu babu, kidevu juu, midomo imefungwa kama mtu anayesubiri hukumu. Kando yake kuna msumari mtupu. Bibi aliupigilia mwenyewe. Alitaka kuwekwa pale angali hai, maana picha ya marehemu, alisema, huchaguliwa na watu wenye haraka.

Dada yangu akajitolea kumpiga picha kwa simu, kisha aichapishe Ngara mjini. Nikacheka.

"Picha ya simu si picha," nikasema, na simu yangu ya kupimia mwanga iko mkononi.

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo," akanijibu.

Sikumwelewa. Nilikuwa msanii.

Siku niliyokwenda kumpiga picha, Bibi alivaa kitenge kipya na rozari. Nikampa shikamoo, nikamkalisha kwenye kigoda barazani, nikamsogezea simu usoni. Papo hapo akainua kidevu, akafunga midomo: babu yule yule wa ukutani. Nikasoma namba, nikainama kupanga kamera. Nilipoinuka, Bibi alikuwa amesimama anakung'uta kitenge.

"Asante, mjukuu wangu. Twende, ndizi zimeiva."

"Bado, Bibi."

"Bado nini, na umeshapiga?"

Nikamkalisha tena. Lakini wingu lilikuwa limepita, ikabidi nipime upya. Kidevu kikapanda upya, nami nikainama upya. Hapo mtu mwenye akili angeiweka simu kando akapiga kwa kukisia. Mimi nilipima mpaka mkanda ukaisha, nikipiga chochote nilichokikuta kila nilipoinua kichwa. Nikajiambia kwamba mahali fulani humo katikati lazima nimempata.

Mkanda niliutuma Dar es Salaam ukasafishwe. Picha ziliporudi, mwanga ulikuwa safi katika kila moja. Bibi anainuka. Bibi anakung'uta kitenge. Mgongo wa Bibi. Kwetu siku hizi simu ikinyanyuliwa mbele yako, unajua tayari umepigwa picha; lile dubwana la kamera shingoni mwangu Bibi alidhani nimelivaa kwa urembo. Ule uso aliouandaa kwa ajili ya msumari wake aliipa simu, tena na tena, na simu haikuweka hata mmoja. Niliona aibu ya kweli, na hofu pia, kwa sababu Bibi si kijana.

Nikampelekea hivyo hivyo. Alizikagua moja moja, dada yangu akichungulia begani kwake. Mwishowe akashika ile ambayo amegeukia jikoni, mdomo wazi, anatuita tukale.

"Hii."

"Hapo hukujiandaa, Bibi."

"Babu yako nilimwita hivi kila siku. Akiniona nimefunga mdomo, atadhani kaletewa mgeni."

Nikaitundika. Kisha, kwa mazoea tu, nikatoa simu nione ukuta ule una mwanga kiasi gani. Bibi, aliyekuwa amesimama chini ya picha yake, akainua kidevu, akafunga midomo.

Nikaifunga ile programu, nikafungua kamera ya simu, nikapiga. Safari hii dada yangu ndiye aliyecheka, akaenda kupakua ndizi.