Bwana Mifugo Mwenye Bucha

Mimi ni bwana mifugo wa kata, hapa Biharamulo, na nina bucha. Usinicheke. Mshahara na ada za watoto havisalimiani, ndiyo maana alfajiri nachinja, nakata nyama mpaka jua limepanda, halafu navua aproni nakuwa daktari. Njia mbili zilimshinda fisi. Mimi nilijiona mjanja kuliko fisi. Mgongo unauma, nyumbani nafoka hovyo, mke wangu ameacha hata kunijibu. Mfugaji akinipigia kwamba ndama anaharisha, namwambia, "Nakuja." Hiyo nakuja yangu inaweza kulala na kuamka. Lakini akipiga wa kuuza ng'ombe, simu haijakatika nimeshawasha pikipiki.

Juzi alinipigia mama mmoja mjane, Msukuma wa Bisibo. Ana ng'ombe mmoja tu wa maziwa, na wajukuu wanamtegemea huyo huyo.

"Mwanangu, nauza ng'ombe. Njoo."

Nikachukua kamba na kisu, nikaenda mbio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yule pale."

Ng'ombe alikuwa amelala, anahema kwa shida, mitoki ya shingoni imevimba. Ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Nikamgeukia mama kwa hasira: mgonjwa namna hii ndiye unaniuzia?

"Siuzi," alisema. "Jirani yangu alikuita umtibie mbuzi, wakaisha wote wakikusubiri. Ndipo tukaambizana hapa kijijini: ukimtaka daktari, mwambie unauza."

Hasira ikaniishia mdomoni. Kumbe kijiji kizima kinanijua hivyo. Niliona aibu, nikatamani ardhi ipasuke, maana hata kunitukana hakunitukana. Alikuwa anasubiri nifungue mkoba wa dawa.

Mkoba wenyewe niliuacha bucha, chini ya meza ya kukatia nyama. Nani anakwenda kununua ng'ombe na sindano? Nikamwambia ukweli. Nikarudi kuufuata, vumbi lote lile, nikimwomba Mungu kama mtoto.

Niliporudi, ng'ombe alikuwa amegeuza macho, povu linamtoka puani. Wajukuu walikuwa wameondolewa pale. Nikapiga magoti, nikavuta dawa kwenye sindano. Mama akanishika bega.

"Acha, mwanangu," alisema taratibu. "Sindano imechelewa. Kisu si unacho? Wahi."