Nyumba Niliyoilipia kwa Mtamba wa Baba Mdogo

Walisema sitaweza. Fundi cherehani aliyekuwa na baraza yake mkabala na karakana yangu, karibu na soko la Lushoto, alisema mbele ya wateja wangu kwamba mtoto wa mkata majani hawezi kulala kwenye nyumba yenye dohani. Ni kweli baba yangu alikuwa mkata majani. Alikata malisho ya ng'ombe wa shamba la Kwai mpaka mgongo ukagoma kunyooka, na sijawahi kuona haya kwa hilo. Muuza viazi aliyekuwa ameketi naye akaongeza kuwa stashahada haiezeki nyumba. Wakacheka. Shemeji yangu, mume wa dada, alisema kwa upole, na ndiyo maana aliniumiza kuliko wote. Alisema watu walioachishwa kazi mijini hurudi milimani, hujenga kibanda nyuma ya nyumba ya mama yao na kungoja uzee, na hakuna aibu ndani yake.

Nataka ieleweke mimi ni nani. Niliondoka kijijini kwetu Gare nikiwa na jozi moja ya viatu, nayo niliivaa siku za mitihani tu. Sikuwa na mjomba ofisini wala padre wa kunishika mkono. Nilisoma ufundi umeme kwa mwanga wa chemli, nikapata stashahada, nikafanya kazi miaka kumi na mitatu katika kiwanda cha umma huko Tanga, na hapakuwa na mota iliyoungua niliyoshindwa kuisuka upya waya zake. Kiwanda kilipouzwa, wenye mali wapya walitupanga foleni, wakatusomea majina na kutupa mafao yetu ndani ya bahasha. Wenzangu wengi waliyanywa. Mimi nilinunua waya wa shaba na vifaa vya fundi mmoja aliyekuwa akifunga karakana, nikapanda basi kurudi Lushoto. Haukupita mwaka, mota za mashine za kusaga na za kupasulia mbao, kuanzia Soni mpaka Magamba, zikawa zinaletwa kwangu.

Nyumba yenyewe ilikuwa juu ya mji, kwenye mtaa waliokuwa wakikaa maafisa. Nyumba nane, kila moja na ua wake wa misaiprasi, na kimya ambacho ndani yake uliweza kusikia tunda la peasi likianguka kwenye nyasi. Kampuni ya umma iliyoimiliki ilikuwa inafilisiwa. Tangazo la zabuni lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi yake, nami nikaomba kama walivyoomba wakubwa. Nikashinda. Masharti yalikuwa mafupi: robo ya bei ndani ya wiki moja, iliyobaki ndani ya siku tisini. Ukishindwa unapoteza nyumba, na robo hairudi.

Robo ile ilikuwa kila kitu nilichokuwa nacho. Tulikuwa tunaishi watu wanne katika chumba kimoja nyuma ya karakana, mimi, mke wangu na watoto wawili, na usiku tulivuta harufu ya vanishi ya mota. Mke wangu aliniuliza swali moja tu, itakuwaje nikishindwa. Nilimwambia anitajie kitu nilichowahi kushindwa. Aliendelea kuchambua maharage.

Benki walitaka hati ya nyumba ndipo wanikopeshe pesa za kununulia nyumba. Nilicheka mbele ya meneja nikatoka. Mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi alinikopesha, akazuia mashine yangu moja kama dhamana. Mwalimu mkuu mmoja niliyesoma naye alinipa akiba yake ya kununulia pikipiki. Dada yangu alinipa pesa zake za kitunguu bila mumewe kujua. Siku ya themanini nilikuwa bado nimepungukiwa kiasi cha ng'ombe mmoja mzuri wa maziwa, na huyo ng'ombe nilijua alipo.

Mwaka wangu wa kumi kazini nilikuwa nimenunua ng'ombe wa maziwa na kumpeleka Gare kwa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, anifugie. Kwetu jambo hili haliandikwi. Mfugaji hunywa maziwa na kupata mbolea. Ndama wa kwanza ni wa mwenye ng'ombe, wa pili ni wa mfugaji. Lakini hawi wake mpaka siku ya kugawa: mwenye ng'ombe huja mwenyewe, majirani wawili huitwa, naye humgusa kila mnyama kwa fimbo akisema huyu wa fulani, huyu wa fulani. Kisha watu hula. Mimi nilikuwa Tanga, na kila likizo nilikuwa na sababu ya kutofika. Mama ng'ombe alikufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Ndama wa kwanza, dume, aliuzwa na pesa nikaletewa mpaka mlangoni, hata senti haikupungua. Aliyebaki alikuwa wa pili, mtamba mwenye madoa, mwenye mimba. Kila mtu Gare alijua ni wa nani. Ila fimbo ilikuwa haijamgusa.

Nilikwenda asubuhi na mnunuzi wa ng'ombe na kijana wake, kwa gari lake. Baba mdogo alikuwa zizini akimwaga majani. Nilimwamkia, akaitika, akawatazama wale wanaume wawili waliokuwa wakishusha kamba. Tulikuwa tunaongea Kishambaa, kama siku zote.

"Umekuja kugawa," aliniuliza, "au umekuja kuchukua?"

Nikamweleza habari ya siku tisini. Nikamwambia ninakopa, nitamrudishia mwingine kabla ya shule kufunguliwa Januari. Hapo ndipo alipoacha kumwaga majani. Binti yake wa mwisho alikuwa amechaguliwa kuingia sekondari, wa kwanza katika nyumba ile, na mtamba ndiye aliyekuwa ada, sare na godoro. Miaka ile serikali ilikuwa imeacha kubeba kila kitu na kila mzazi alijua lazima achangie. Alinieleza haya kwa utulivu, kama anayemweleza mgeni njia.

Mimi nikasema neno ambalo nimelisikia kichwani mara nyingi tangu hapo. Nilisema hakuna maandishi na hakuna kugawa kulikofanyika, kwa hiyo kisheria ng'ombe bado ni wangu, na nimekuja kuomba kwa heshima tu.

Baba mdogo alifuta mikono kwenye suruali. Aliponijibu alinijibu kwa Kiswahili, Kiswahili cha ofisini, kana kwamba nilikuwa nimekaa nyuma ya dawati na yeye amesimama na kofia mkononi.

"Sawa, bwana fundi. Chukua."

Mama mdogo, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni pa jiko. Mtamba alikataa kupanda gari, ikabidi wamsukume, na binti yule ndiye aliyekuja kumshika sikio na kumwongoza, kwa sababu ndiye aliyemzoea.

Siku ya themanini na saba nililipa. Nilikabidhiwa funguo sita kwenye waya. Nilihakikisha ninapita mbele ya baraza ya fundi cherehani na kitanda changu juu ya mkokoteni, naye jioni ile akafunga mapema. Sioni sababu ya kujifanya sikufurahi.

Lakini nyumba ile ilikuwa baridi. Vyumba vilikuwa vikubwa kuliko vitu vyetu, na ukungu uliingia chini ya milango. Dohani ilikuwa imezibwa na viota, moshi ukarudi ndani, tukakaa tukikohoa. Jirani wa kulia, afisa mstaafu, alinisalimia kwa kuinua fimbo yake na hakuwahi kuvuka geti. Nilituma salamu Gare, waje wakae nasi Jumapili. Mke wangu alipika wali na kuku kwa watu kumi. Tulikila wenyewe siku tatu.

Januari ilikuja na sikuwa na ng'ombe. Mfanyabiashara alikuwa anatuma mtu kila Jumamosi, na mashine yangu ilikuwa kwake. Nilijiambia binti ataingia mwaka unaofuata. Kumbe nafasi haingoji. Walimpa mwingine. Februari nilimwona akipanda mtaa wetu na tenga la karoti na kabichi kichwani. Alipiga hodi kwenye geti la afisa mstaafu, akapiga hodi kwa bwana misitu, akapiga hodi nyumba zote saba. Alipita kwangu bila kupunguza mwendo. Mtaa ule ni kimya, sauti yake niliisikia geti kwa geti, mbele ya kwangu na baada ya kwangu. Alifanya hivyo kila Jumatano kwa zaidi ya miaka mitatu. Nilianza kuwahi karakana siku hizo.

Nilifanya kazi kama watu wawili. Dada ndiye niliyemlipa kwanza, kisha mwalimu, kisha mfanyabiashara, naye nikamlazimisha anirudishie mashine yangu mbele ya wateja wake. Nilijipangia kwamba Gare ningewalipa mwisho kwa sababu wao ni ndugu, na ndugu husubiri. Baba mdogo hakusubiri. Alifariki masika ya mwaka wa tatu kwa kifua. Msibani wanaume wa ukoo walikuwa wamekaa chini kwenye majani ya migomba. Nilipofika, kijana mmoja aliniletea kiti. Nikasema nitakaa chini na wenzangu. Akasema wazee wameagiza mgeni apewe kiti. Nilikaa kwenye kiti kile mpaka mazishi yakaisha, na mbele ya watu wote sikuwa na cha kufanya ila kunyoosha mgongo.

Mwaka uliofuata, mwisho wa vuli, nilikwenda Gare na gari la kukodi. Nilibeba ng'ombe mwenye mimba na ndama wake wawili wa kike. Nilikuwa nimekaa na kuhesabu: mtamba wa madoa angekuwa amezaa kiasi hicho. Simjui mtu mwingine kule aliyechukua mmoja na kurudisha watatu. Niliwaita majirani wawili mimi mwenyewe, nikakata fimbo njiani.

Mama mdogo alitoka jikoni. Nilimwamkia kwa Kishambaa, akaitika kwa Kiswahili. Niligusa ng'ombe wa kwanza nikasema ni wa nyumba hii. Niligusa wa pili, nikasema hivyo hivyo. Nilipofika kwa wa tatu nilisema huyu ni wa binti, kwa ajili ya shule.

"Shule ipi?" mama mdogo aliuliza. "Ameolewa Rangwi tangu Agosti. Hukuambiwa?"

Sikuwa nimeambiwa. Majirani walitazama chini. Nilimgusa ndama yule kwa fimbo nikasema ni wa nyumba hii pia. Mama mdogo alizipokea kamba zote tatu, akazifunga kwenye nguzo ya zizi moja moja, akijaribu kila fundo.

Kwa desturi, baada ya kugawa watu hula. Jiko lilikuwa linafuka moshi na nilisikia harufu ya makande. Nilisimama kidogo.

"Sasa hatudaiani," alisema. "Shuka mapema, bwana fundi, ukungu unakuja."

Nililipa gari, nikalitanguliza na kushuka kwa miguu. Siku ile sikuwa nadaiwa na mtu yeyote duniani. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, na nyumba ya vyumba sita kwenye mtaa wa maafisa. Nilitembea nikiwa nimeinua kichwa, maana watu walikuwa mashambani pande zote mbili za njia, na hakuna aliyeniita.