Neno la Mlangoni kwa Thaddée

Hakuwa na cheti cha ualimu. Hakuwa na darasa wala ubao. Alipovuka mpaka kutoka Burundi, hakuwa na Kiingereza hata cha kuombea maji. Leo Thaddée, mwenye umri wa miaka 58, anaendesha mashine ya kusaga mahindi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda, na wanafunzi humwita mwalimu.

Ni asubuhi, foleni ya ndoo imefika barabarani. Kwenye mlango wa bati ameandika kwa chaki neno la wiki: "reluctant", yaani mwenye kusitasita.

Sheria yake inajulikana. Mwanafunzi akilitumia neno kusema jambo la kweli la kwao, anasagiwa kwanza.

Kijana mmoja anajaribu: mbuzi wao husitasita kuingia ndani mvua ikinyesha.

"Uongo!" anacheka Mama Mukandoli, Mkongo muuza nyanya. "Mbuzi gani anapenda mvua? Rudi nyuma!"

"Nilifika na Kirundi na Kifaransa kidogo," anasimulia Thaddée. "Ofisini nilitikisa kichwa tu. Nikaingia masomo ya jioni. Neno nililolikariri lilikimbia. Nililolitumia sokoni likabaki."

Larissa, mwanafunzi wake wa siku nyingi, leo hakuleta mahindi. Ameleta barua ya kuomba kusomeshwa bure katika sekondari moja ya Mbarara. Maombi yanafungwa leo, na pikipiki ya boda ya kuipeleka Kakoba, mjini humo, inasubiri.

Thaddée anaisoma, kisha anazima mashine. Foleni inaguna.

"Umejaza maneno yangu yote humu, binti. Wewe mwenyewe uko wapi?"

"Nilitaka waone nimesoma, Mzee."

"Hapa ungerudishwa nyuma kama yule wa mbuzi. Sema kweli, unataka kwenda?"

Larissa anautazama mlango. Anajibu kwa Kiingereza, polepole: anasita kumwacha bibi yake peke yake, lakini bibi ndiye aliyemfungia mzigo.

"Huyo asagiwe wa kwanza," anasema Mama Mukandoli, "hata kama hana mahindi!"

Larissa anaiandika barua upya, karatasi ikiwa juu ya gunia.

"Natamani arudi likizo," ananong'ona Thaddée, "neno la mlangoni aliandike yeye."

Bahasha haina gundi. Thaddée anakoroga unga kwa maji moto ya chupa ya chai, anaipaka, anaibana kwa kidole gumba.

"Usiikunje," anamwambia mwenye boda.

Pikipiki inashika njia ya Mbarara.