Mizani ya Mwalimu Arlene

Katika shule ya Kikristo ya mji mmoja wa mahindi na theluji, kule Iowa, hakuna aliyemfikia Mwalimu Arlene Buikema kwa kuchomeka neno la Mungu ndani ya somo. Alifundisha hesabu. Wenzake wakiulizwa imani iko wapi katika masomo yao walikuna vichwa. Yeye hesabu za sehemu alizifundisha kwa mikate mitano, maeneo kwa vipimo vya safina, na namba hasi kwa dhambi. Watoto walitoka wakiijua safina barabara. Kugawanya ndiko kulikowapiga chenga.

"Kila kitu kina andiko," alipenda kusema, hata kahawa ilipomwagika katika chumba cha walimu. Na darasa lake alikuwa amelifunza likafunzika: akigonga meza mara mbili, wote husoma kwa sauti andiko la ubaoni.

Mwaka ule cheo cha kuwafundisha walimu wengine ufundi huo kilikuwa wazi. Arlene alikitaka mpaka akakosa usingizi. Mkuu wa shule, Bwana Harvey Roelofs, mzee wa kanisa asiye na maneno mengi, akasema atakuja Jumatatu ajionee.

Basi Arlene akaandaa mizani. Kwenye sahani moja angeweka Biblia ndogo ya mfukoni. Ya pili pipi za mnanaa, zile ambazo familia za pale hupitishiana kanisani mahubiri yakirefuka. Ijumaa alipojaribu, Biblia ikawa na uzito wa pipi kumi na moja. Kumi na moja! Ingekuwa kumi na mbili, si ndio mitume hao? Mwingine angefundisha uzito tu, yakaisha. Arlene alitafuna chingamu, akabandika nayo pipi moja chini ya sahani ya Biblia. Alijiambia kwamba Mungu mwenyewe angependa namba kamili.

Jumatatu akaandika ubaoni, kwa mwandiko wa kupendeza: MUNGU HUCHUKIA MIZANI YA UONGO. Akaweka Biblia kwenye sahani yake, upande wa pili akapanga pipi moja moja. Ya kumi na mbili ilipotua, mizani ikatulia.

"Mmeona wanangu? Kumi na mbili! Hiyo ni bahati tu?"

Bwana Roelofs akaitikia kwa kichwa. Arlene akajiona ameshakalia kiti.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilifupishwa na hita ya darasani. Joto lilikuwa likipuliza mezani, chingamu ikalegea. Pipi ikaanguka, tak! Sahani ya Biblia ikapanda juu.

Joelle, binti wa dawati la mbele, bila ubaya wowote akaondoa pipi moja upande wa pili. Mizani ikatulia tena.

"Mwalimu, mbona ni kumi na moja?" Akainua ile iliyoanguka, chingamu ikining'inia. "Halafu huyu alikuwa amejificha chini ya Biblia. Ndiye Yuda?"

"Yuda kala chingamu!" sauti ikatoka nyuma, na darasa zima likaangua kicheko.

Bwana Roelofs hakucheka. "Mwalimu Arlene, na hiki nacho kina andiko?"

Arlene alijinyoosha kumpokonya Joelle ile pipi, akayumba. Akajishika kwenye meza, mkono ukateleza, ukagonga. Akajaribu tena, ukagonga tena.

Kicheko kikakatika. Watoto wakakaa wima kama walivyofunzwa, wakasoma kwa sauti moja: "Mungu huchukia mizani ya uongo!"