Jicho la Mlangoni kwa Wifi

Mimi na wifi yangu, mjane wa kaka yangu, hatupikiki chungu kimoja. Ana mdomo na hakosolewi. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Ni msusi, na husukia sebuleni kwake. Mwanamke akishakaa kwenye kigoda, kichwa magotini pa wifi, husema yote yaliyomkaa moyoni. Nimejaribu miaka kuzichokonoa siri hizo, nimeambulia chai.

Mwanawe anayefanya kazi mbali alimfungia kengele ya mlangoni yenye kamera. Kila anayefika, picha yake huingia kwenye simu. Simu ya nani? Ya mwana. Alifanya kwa mapenzi, sikatai. Siku moja akamtania rafiki yake wa utotoni: "Mkeo yupo kwa mama, anasukwa." Rafiki hakucheka; mkewe alikuwa ametoka bila kumwambia. Kesho yake mke yule alikuja na jicho limevimba.

Wifi alimpigia mwanawe papo hapo.

"Mlango huu wangu au wako?"

"Wako, mama, ila usalama..."

"Usalama wa nani? Mtoto wa watu kapigwa kwa sababu ya mdomo wako!"

Kijana alikuja mwisho wa juma, ameinamisha uso. Akahamishia kila kitu kwenye simu ya mama. Neno la siri mama aliliandika mwenyewe, mwana kageuzwa aangalie ukuta. Kamera ikainamishwa ione kizingiti tu, si njia ya majirani. Tangu hapo wateja wote wanajua: asiyetaka kuonekana agonge dirisha la jikoni, kamera izimwe kwanza. Na kila jioni wifi hufuta picha za siku nzima.

"Wifi, utafagia mpaka hewa!" nilimcheka.

"Kafagie kwako kwanza," akanijibu.

Halafu ikafika siku ambayo yule dada aliyepigwa aliamua kumwacha mumewe, arudi kwao. Aligonga dirishani asubuhi, begi mkononi, kamera ikazimwa mpaka alipoingia, akaomba asukwe kwanza. Kichwa kilikuwa nusu pale mlango ulipopigwa teke. Dada akakimbilia chumbani. Mimi, niliyelala kwake usiku uliopita, nikajibanza nyuma ya pazia. Wifi alifungua mlango, akasimama katikati yake.

"Mke wangu yumo humu. Nionyeshe picha za leo!"

Wifi akamwinulia simu usoni.

"Ya leo ni hii moja. Tazama vizuri. Ni wewe, unapiga teke mlango wa mjane."

Bwana akatazama. Sauti ikamshuka. "Ifute, mama."

"Za watu wote nafuta. Hii yako inakwenda polisi."

Akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka barabarani. Wifi alifunga komeo, akakaa, akashika kitana chake. Nilimpenda siku ile, Mungu ni shahidi. Kisha akaita chumbani, "Njoo, mwanangu, tumalizie." Dada yule aliondoka jioni na begi lake, kichwa kizima kimesukwa.