Honi Niliyoomba Isilie

Nakumbuka Ijumaa moja nikiwa msichana wa shule hapa Nakuru, nimesimama kwenye waya wa seng'enge na watoto wote wamenizunguka, tunangoja garimoshi litokee kwenye kona. Wao walikuwa wanangoja lipige honi. Mimi peke yangu katika kundi lile nilikuwa naomba Mungu lipite kimya. Mpaka leo lori likipiga honi huko barabara kuu, mwili hushtuka kabla akili haijajua kuna nini.

Mjukuu wangu, sogea hapa karibu, na hiyo simu iweke chini kidogo. Mama yako ameniambia unagombea urais wa wanafunzi, na picha zako nimeziona mwenyewe, zimebandikwa mtaa wote wa Free Area kuanzia kwa kinyozi mpaka kwa yule mama wa mayai. Umependeza. Hiyo tai ni ya marehemu babu yako na hukuniomba, lakini hayo tutayaongea. Kilichoninyima usingizi ni yale maneno chini ya picha, kwamba ukishinda shule nzima itapelekwa Mombasa. Niliyasoma tena nikidhani ni miwani. Ndiyo sababu nimekuita, nikueleze habari ya ile Ijumaa na wewe uone mwenyewe.

Tulikuwa tunakaa landhi, zile nyumba za safu ambazo reli iliwapa wafanyakazi wake, chumba kimoja na jiko la nje. Baba yangu alifanya kazi kwenye injini ya mvuke. Dereva alikuwa Kalasinga mmoja mpole mwenye ndevu nyeupe, na baba ndiye aliyetunza moto, usipungue milima yote ya kwenda magharibi. Nyumba ilikuwa ya kazi. Kazi ikiisha, vitu vinatolewa nje siku hiyo hiyo na mnarudi kijijini kwetu Maragoli, ambako shamba lilikuwa dogo na ndugu zake baba walikuwa tayari wanavutana juu ya mpaka. Sisi watoto tulilijua hilo bila kuambiwa. Tena zilikuwa siku za hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni. Nyuma ya shule yetu kulikuwa na kambi ya askari wenye bunduki, na watu wazima walinong'ona hata wakiongea habari ya sukuma wiki.

Mwaka huo Waafrika wachache waliruhusiwa kupiga kura kwa mara ya kwanza, na landhi nzima haikuwa na habari nyingine. Mwalimu wetu, tulimwita Mwalimu Yona, akaona na sisi tujifunze. Akatangaza kwamba kiranja mkuu tutamchagua wenyewe. Kila mtoto atapewa punje ya mahindi, ataingia nyuma ya blanketi lililotundikwa kwenye pembe ya darasa, na ataitia kwenye mkebe wa mtu anayemtaka. Kwa kuwa wale wadogo walikuwa bado hawajui kusoma, kila mgombea alitakiwa achore picha ya kubandika kwenye mkebe wake.

Usicheke, kiranja mkuu kilikuwa cheo. Yeye ndiye aliyegonga kile kipande cha reli kilichokuwa kengele yetu, na ndiye aliyechotewa uji wa kwanza, kabla wadogo hawajatumbukiza vidole. Nilikitaka kile cheo mpaka nikawa naota nagonga kengele.

Mpinzani wangu alikuwa Okoth, ambaye mama yake ndiye aliyetupikia uji wa shule. Okoth akachora upawa. Hakuhutubia, hakuomba mtu. Alizunguka tu uwanjani ameshika upawa wenyewe mkononi, na kila mtu akaelewa kwamba siku za uji mwepesi zimekwisha. Niliogopa sana nilipomwona. Mimi nilichora garimoshi, kwa sababu ndilo nililojua kuchora, na kwa sababu nilimwonea baba fahari.

Kisha mtoto mmoja wa darasa la kwanza akaniuliza, hili garimoshi litatufanyia nini? Nikiwa bado nafikiria jibu, rafiki yangu Rispa, aliyekuwa ananipigia debe, akamjibu kwa niaba yangu. Alisema litatupigia honi. Alisema baba yangu ndiye mwenye kuliendesha, na Ijumaa likipita hapa litalia mpaka vikombe vianguke.

Mimi sikusema hivyo, mwanangu. Nilicheka tu. Lakini niliona macho yao yalivyowaka, na niliona Okoth ameshusha upawa wake, na moyo wangu ukawa mtamu. Kabla ya kwenda nyumbani maneno yalikuwa yamezunguka shule na kurudi yamenenepa. Mara honi itapigwa kwa jina la kila mtoto, mara garimoshi litasimama litubebe mpaka Njoro. Niliyasikia yote, na sikukubali wala sikukataa. Wajanja wachache wakasema watasikia kwanza ndipo wapige kura. Mwalimu alikuwa amepanga kura Ijumaa baada ya uji, na saa ya uji ndiyo saa ambayo garimoshi la baba lilipita.

Jumatano baba akarudi kutoka safari, na watoto wa landhi wakamkimbilia njiani. Mmoja alimwomba avute kwa muda mrefu ile kamba ya honi iliyoning'inia kati yake na dereva, mwingine alimwambia jina lake asilisahau. Alidhani ni mchezo. Alipofika mlangoni na kuniona nimejificha nyuma ya mama, akajua si mchezo.

"Kageha, umeahidi watoto wa watu nini?"

"Mimi sikuahidi, baba. Ni Rispa alisema."

"Na wewe ukasema nini?"

Nikaanza kukwaruza ukuta kwa kucha. Mama alikuwa amempa chai, naye baba akarudisha kikombe mezani kabla hajaonja. Kwa kweli ningependelea anichape.

Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgeni. Kwenye reli honi si muziki. Kila mlio una maana yake, na pale kwenye kona ya shule mlio wa ghafla maana yake kuna kitu juu ya reli. Mafundi wanaotengeneza njia huko mbele watatupa vyombo na kukimbia. Gadi aliye kwenye behewa la nyuma atafunga breki. Na askari wa kambini watatoka na bunduki, na siku hizi hawaulizi kwanza. Mwisho wakubwa watamwita ofisini wamuulize alikuwa ameona nini, naye ajibu kwamba mtoto wake anataka kuwa kiranja.

Mama alitaka kucheka, akaacha. Nilimwona anaangalia kitanda, sanduku na sufuria zake, jinsi mtu anavyoangalia vitu anapofikiria namna ya kuvifunga.

"Utawaambia wewe mwenyewe," baba akasema. "Kabla sijapita. Si baada."

Alhamisi alfajiri akaondoka tena safarini. Ndipo nilipogundua kwamba katika maneno yake yote hakusema kama atapiga au hatapiga. Nikamuuliza mama tukiwa tunafua nguo. Mama aliendelea kusugua kola ya shati, kisha akaniambia kwamba tangu nizaliwe baba hajaweza kuninyima kitu mbele ya watu, na kwa hiyo nifanye haraka. Maneno hayo yaliniingia kama maji ya baridi. Mpaka hapo niliogopa kuaibika. Sasa nikaanza kuogopa kwamba baba ataniokoa.

Alhamisi hiyo nilikwenda shule nimejipanga, na sikusema. Kila nikifungua mdomo, Rispa alikuwa anawafundisha wadogo wimbo wa kushangilia honi. Nilirudi nyumbani na maneno yangu vile vile, nikashindwa kula ugali.

Ijumaa kwenye maombi ya asubuhi nikainua mkono. Mwalimu Yona alidhani naumwa, akaniruhusu. Nikasimama mbele yao na sauti ikatoka nyembamba.

"Garimoshi halitapiga honi. Baba si dereva, na hata dereva haruhusiwi. Rispa alisema, na mimi nikanyamaza kwa sababu nilitaka kura zenu."

Yule mtoto wa darasa la kwanza akaanza kulia. Rispa aliangalia chini. Wengine walinikasirikia, lakini wengi hawakuniamini kabisa. Walisema nawanyima makusudi, kwamba nataka honi yangu peke yangu. Saa ya uji ilipofika wakakimbilia kwenye seng'enge wakiwa na vikombe mikononi, na mimi nikakimbia nao kwa sababu ningefanya nini?

Tukasikia pumzi za injini zikipanda mteremko. Mwanangu, watoto wa landhi tulikuwa na sheria moja ambayo tulifundishwa kabla ya kusali: karibu na reli usiinue mikono. Mikono ikiwa juu, dereva anaelewa asimame. Kwa hiyo sikuweza kumpungia baba wala kumwashiria. Nikajipenyeza mpaka mbele kabisa, nikabana mikono yangu kwenye mapaja, na injini ilipotokea kwenye kona nikaanza kutikisa kichwa. Nilimwona baba ameinama nje upande wake, bega moja limepanda juu, mkono wenyewe umefichwa na paa. Nilitikisa kichwa mpaka kitambaa kikaanguka. Nilikuwa nasema usivute, baba, usivute, na hakuna aliyenisikia hata aliyekuwa kando yangu.

Injini ikapita. Mabehewa yakapita, la mizigo, la ng'ombe, na la mwisho la gadi, ambaye alituangalia akishangaa tunatafuta nini. Honi haikulia. Watoto wakaguna wote kwa pamoja, na mimi nikakaa chini kwenye majani nikalia kwa sauti. Walidhani nalilia kura.

Kura nazo zilipigwa. Mwalimu Yona aliitikisa mikebe kabla ya kuifungua. Wa Okoth ulikuwa umejaa, haukutoa hata mlio. Wangu ulilia kama kichezeo cha mtoto mchanga. Mpaka leo nina mashaka kama Rispa mwenyewe alinipigia. Okoth akawa kiranja mkuu, na Jumatatu uji ukaja mwepesi vile vile, kwa sababu mama yake alisema unga ni wa shule na hakuna aliyemuuliza. Walimsumbua maskini mpaka tukafunga shule, na upawa sikuuona tena mkononi mwake.

Jioni baba akaja nyumbani, akanawa masizi, akakaa. Mwanga wa jua ulikuwa bado uko kwenye mlima wa Menengai.

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia."

"Kabla?"

"Kabla, baba. Asubuhi kwenye maombi."

Mama alikuwa anachuja chai.

"Mkono wangu ulikuwa kwenye kamba," akasema. "Tangu tulipovuka daraja ulikuwa hapo. Nilisema kama ni kufukuzwa wanifukuze, lakini mtoto asiaibike mbele ya wenzake. Halafu nikakuona unatikisa kichwa."

Mama akaweka chai chini. Baba akachukua kikombe, safari hii akanywa, na hakuizungumzia tena habari hiyo mpaka tukamzika.

Nimeishi miaka mingi, mwanangu, na nimeona wagombea wa kila aina wakipita hapa na vipaza sauti. Nikisikia ahadi, siangalii mdomo wa anayeahidi. Nauliza mkono wa nani uko kwenye kamba. Mara nyingi si wake. Ni wa mtu fulani anayempenda, amekaa kimya mahali, amekwisha kuamua kuumia ili yeye asiaibike.

Sasa nisikilize vizuri. Jana baba yako alikuja hapa. Alikaa hapo ulipokaa wewe, akaniuliza kwa mzunguko yule ng'ombe wetu wa Subukia, yule wa maziwa, siku hizi anaweza kuuzwa bei gani. Sikumuuliza pesa ni za nini, naye hakuniambia. Kabla hajaenda aliniuliza kama nimeona jinsi ulivyotoka vizuri kwenye picha.

Umeinamisha kichwa, kwa hiyo umeelewa. Labda hayo ya Mombasa hukuyaanzisha wewe, labda ni marafiki zako walioyaandika na wewe ukaona ni matamu. Kwangu ni mamoja. Neno likisemwa kwa jina lako na ukalisikia na ukacheka, limekuwa lako. Likatae siku hiyo hiyo, kwa mdomo wako mwenyewe, mbele ya wale wale waliolisikia. Ahidi kile ambacho mikono yako inaweza kukifikia. Ukiweza kuhakikisha vyoo vina maji na wadogo hawanyang'anywi chakula, sema hayo, hata kama hayapigiwi makofi. Na kesho kwenye paredi ya asubuhi, kabla ya kura, simama uwaambie Mombasa hakuna. Watakuzomea. Utashindwa pengine, na utaumia moyoni kama mimi, halafu utakula chakula cha jioni na baba yako akiwa na ng'ombe wake.

Nenda basi. Mungu akupe sauti hata ikitoka nyembamba. Akupe marafiki wasiokusemea. Akupe uongozi ukiwa tayari kuubeba, na kabla ya hapo akupe usingizi mzuri. Amlinde baba yako, na mkono wake aushushe salama kutoka kwenye kamba, kama alivyoushusha wa baba yangu. Mpigie baba yako simu sasa hivi, nje huko kuna mtandao. Na hiyo tai kesho uivae tu, nimekuruhusu.